Mkono Uliozoea Kuongeza

Sokoni Tunduma wanamwita mchoyo. Nenda mwenyewe kwa wauza nafaka, uliza maharage mazuri yako wapi. Watakuelekeza kwa Mama Jenista, halafu watakunong'oneza: "Ila ujue, yule bibi hana nyongeza." Na ni kweli hana. Anachota maharage, anajaza sado, kile kindoo cha kupimia, anachukua kisu butu cha mezani na kukipitisha juu ya sado ukingo hadi ukingo, na kila punje iliyozidi inarudi guniani. Mteja akisimama na mfuko wazi, akingoja kile kiganja cha mwisho ambacho muuzaji yeyote mwenye utu humtilia, Mama Jenista anamwangalia tu. Akina mama wa Nakonde wanaovuka mpaka kuja kununua hununa waziwazi. "Bamayo, mbasela?" wanamwuliza, maana kwao mama ni bamayo na nyongeza ndiyo mbasela, na muuzaji asiyetoa mbasela hawajui wamweke kundi gani. Anawajibu, "Hakuna." Basi.

Haya, na wamseme, midomo ni yao. Lakini wengi wanaomsema ni wageni wa juzi. Hawakumkuta mwanamke huyu akiuza karanga.

Jina lake la nyumbani ni Tukuswiga, mtu wa milima ya Ileje. Alishuka Tunduma akiwa bibi harusi, na tangu hapo hajapanda tena milima ile ila kwa misiba. Mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja, Jenista, na meza moja ya karanga. Kwa karanga hizo alimlea Jenista, akamsomesha ushonaji, akajenga vyumba vitatu kule Mpemba vyenye baraza linalotazama barabara kuu. Miaka thelathini ya karanga, na katika miaka hiyo hakuna aliyemshinda kwa nyongeza. Bei angekubishia mpaka jasho likutoke, tena kwa maneno makali. Lakini akishajaza sado mpaka ikawa na kilele, alitia kiganja kimoja, akatia kingine, na ukishageuka kuondoka alikuita: "Wewe, rudi hapa! Na huyu wa mgongoni je?" Akamtilia mtoto wako kidogo kwa vidole vitatu. Wala hakuwa akifikiri. Ungemkuta anasimulia habari za kanisani, uso kaupeleka kwa jirani, na mkono unaongeza wenyewe.

Dina ni mtoto wa Jenista. Baba yake yuko Kapiri Mposhi, huko Zambia, na familia nyingine, na habari zake tuziache huko huko. Mtoto alikulia mgongoni kwa bibi yake. Alipofika mwaka na nusu, bibi yake huyo huyo ndiye aliyemlambisha kwa kidole majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Sasa niambie, nani asiyemlambisha mjukuu? Hata chungu hakijaepuliwa, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, vipele vimemjaa shingoni, kifua kinapiga filimbi. Wengine wakasema minyoo, wengine kijicho. Mama mmoja wa kwaya akasema ni mapepo ya mpakani, yanavuka na malori. Wakamwombea, akapona, wakasahau. Ikaja mara ya pili, wakaomba tena. Mara ya tatu Dina alikuwa darasa la kwanza. Mwenzake wa dawati moja alimmegea kipande cha kashata ya karanga, na kabla kengele haijalia Dina alikuwa chini uwanjani, midomo imegeuka rangi. Kituo cha afya kilikuwa jirani na shule, ndiyo pona yake. Nesi Shamimu, aliyempokea, ndiye aliyetamka neno lenyewe.

"Ni aleji, mama. Mwili wa huyu mtoto haupatani na karanga."

"Karanga?" Tukuswiga aliuliza. "Karanga hizi hizi?" Akaitazama mikono yake.

Jenista si mtu wa maneno mengi. Akisema limekwisha. Jioni ile alisema, "Mama, ukitoka sokoni usimshike Dina mpaka uoge." Tukuswiga akawa anaoga kuanzia kichwani, anabadili vitenge, anasugua kucha kwa brashi ya viatu mpaka zinauma. Ikawa hivyo wiki kadhaa. Siku moja, kaoga, kabadili, akamfuta mtoto kamasi kwa ncha ya kitenge ambacho kumbe kilikuwa kimeanikwa kamba moja na cha sokoni. Macho ya Dina yakafumbwa na uvimbe siku mbili. Baada ya hapo Jenista hakuwa na haja ya kusema. Bibi mwenyewe aliacha kumshika mtoto, kaoga au hakuoga.

Aliacha kwanza biashara, msidhani hakujaribu. Miezi miwili aliuza dagaa, wakamwozea, na ada ya shule haikungoja. Akarudi kwenye karanga zake. Jioni walikaa barazani yeye na mjukuu, kila mmoja mwisho wake wa benchi. Dina alikuwa mtundu. Alisogea kwa makalio, kidogo kidogo, na bibi naye anasogea kumkimbia, mpaka benchi linaisha na bibi analazimika kusimama. Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo. Bibi alicheka naye, halafu alikwenda nyuma ya jiko akalia, kwa sababu kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu na kilikuwa kimekaa pale barazani: kumpakata mjukuu wake bila kumwua.

Nesi Shamimu ndiye aliyewaletea habari za Daktari Masudi. Alikuwa hospitali moja kubwa, mwendo wa nusu siku kutoka Tunduma. Alisoma nje, akarudi na kitu kipya, na alikuwa anakijaribu kwa watoto watano tu. Walikwenda wote watatu. Tukuswiga alivaa nguo mpya ambayo haijawahi kufika sokoni, akakaa kiti cha nyuma peke yake.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, mpole, anayemweleza bibi kwanza kabla ya mama. "Mwili wa Dina ni kama mlinzi wa geti aliyeambiwa karanga ni mwizi," alisema. "Kila akiiona anaruka na rungu, anapiga ovyo mpaka anaibomoa nyumba anayoilinda. Kumfukuza hatuwezi. Tunamletea mgeni yule yule, kidogo sana, kila siku, mpaka amzoee."

"Unataka kumlisha karanga?" Jenista alisimama.

"Unga wa karanga. Chembe. Tunaanza hapa mbele ya macho yangu, halafu mnaendelea nyumbani, na kila baada ya wiki mbili mnarudi nimpandishe. Wenzetu wa nchi za mbali wana pia sindano ya kila mwezi ya kumtuliza huyo mlinzi, na kuna plasta za kubandika ngozini ambazo bado zinachunguzwa. Mimi hapa nina unga huu. Na sikudanganyi, mama, hii si kumponya. Nataka siku akikosea, akala kipande cha kashata cha mwenzake, asife."

Akawaonyesha kopo dogo na kijiko cha plastiki kisichozidi ukucha. Alichota, akachukua kisu butu, akakipitisha juu ya kijiko, unga uliozidi ukarudi koponi. "Hivi. Kijiko kimoja, unafuta, unatia kwenye uji. Usipunguze, usiongeze. Akishakunywa akae saa mbili bila kukimbia. Akiwa na homa, siku hiyo asipewe." Kisha akatoa sindano moja iliyofanana na kalamu nene, akawafundisha kuichoma kwa kutumia papai. Kama mambo yakiharibika, alisema, ni pajani, hata juu ya nguo, na msingoje.

Tukuswiga alikuwa bado anakitazama kile kijiko. "Daktari," alisema, "kwa mkono huo sokoni usingemaliza wiki."

Daktari alicheka sana. "Ndiyo maana sikufungua duka, bibi."

Walipokuwa wanaaga, Tukuswiga alimrudia peke yake mlangoni. Alimwuliza swali moja tu, kama itafika siku atampakata. Daktari hakucheka tena. Alimwambia kwamba Dina akifikia karanga tatu nzima bila mwili kulalamika, uvumbi wa kitenge cha bibi hautakuwa kitu. "Siku hiyo utambeba mpaka uchoke mgongo," alisema. Maneno hayo Tukuswiga alirudi nayo Mpemba, na akaanza kuhesabu.

Kazi ya kijiko ilikuwa ya Jenista. Kila siku saa kumi jioni, uji wa ulezi, kijiko, kisu. Siku za mwanzo mtoto aliwashwa ulimi, tumbo likamkata, Jenista akataka kuacha, wakavumilia. Mwezi wa tatu hakukuwa na kuwashwa tena. Mwezi wa tano unga ulifika sawa na karanga moja nzima, na siku hiyo Tukuswiga alichukua punje moja sokoni akaiweka kiganjani, akaitazama muda mrefu mpaka mteja akamwuliza kama anauza au anaomba. Mwezi wa nane walifika mbili. Kule hospitali walizoeana na Enesi, mama mmoja wa Vwawa, ambaye mtoto wake, Shadrack, alianza siku moja na Dina. Wanawake hao walikuwa wanapeana habari za watoto wao kwenye foleni kama watu wenye mashamba jirani. Zilibaki wiki sita kufika karanga tatu.

Hapo ndipo kwaya moja ya Mlowo ilipomtaka Jenista akawashonee sare za Pasaka. Vitambaa vilikuwa huko, watu wa kupimwa huko, akae siku tano. Hakutaka kwenda. Mama yake ndiye aliyemsukuma. "Nenda mwanangu, kwani mimi sina mikono?" Jenista akamkabidhi kopo, kijiko, kisu na ile sindano, akamfanyisha mara tatu mezani huku anamtazama. Jumatatu asubuhi akaondoka na cherehani.

Jumatatu ile jioni, Tukuswiga alipima akiwa kabana pumzi, kwa uangalifu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Jumanne vilevile, na Jumatano. Alikuwa anaoga kwanza, anafunga leso safi ya kichwa, anamwambia Dina asiongee mpaka amalize.

Alhamisi ilikuwa siku njema, na hilo ndilo linaloniuma hata kulisimulia. Sokoni aliuza gunia zima kwa akina mama wa Nakonde, akarudi na furaha. Dina naye alirudi na daftari lenye vema tupu. Uji ukapoa. Bibi akachota kijiko, akafuta kwa kisu, akatia. Sawasawa kabisa, hata daktari angemsifu. Dina alikuwa amejifunga mwanasesere wa vitambaa mgongoni kwa khanga. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele kama mteja anavyonyoosha mfuko, akaigiza sauti ya wale mama wa ng'ambo.

"Bamayo, mbasela! Na huyu wa mgongoni je?"

Jamani, alivyoiga! Tukuswiga aliangua kicheko, kichwa kikaenda nyuma, machozi ya kucheka yakamtoka. Na mkono wake, mkono wa miaka thelathini, ukaingia koponi kwa vidole vitatu, ukatoka, ukadondosha kikombeni. Dina akakoroga, akanywa huku bado anacheka na povu la uji puani.

Bibi alikuja kujua alipotaka kujifuta machozi. Aliona unga kwenye vidole vyake. Kijiko hakipaki unga vidoleni. Alivitazama vile vidole vitatu, akakitazama kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu.

"Dina," alisema, "tapika."

"Kwa nini bibi?"

"Tapika mjukuu wangu, tapika!"

Mtoto alijaribu kwa kuona uso wa bibi yake, hakikutoka kitu. Akakohoa. Akakohoa tena. Akajikuna shingo, akasema midomo yake imekuwa mikubwa. Kila kilichotakiwa baada ya hapo Tukuswiga alikifanya bila kukosea hata kimoja. Alichukua sindano, akaichoma pajani juu ya sketi ya shule, akahesabu kama alivyofundishwa. Akampigia kelele Yahaya, jirani mwenye bodaboda, aliyekuwa anaosha pikipiki yake upande wa pili. Akapanda nyuma na Dina kampakata kifuani, kamkumbatia kwa mikono yote miwili, uso wa mtoto shingoni kwake, na Yahaya akapita pembeni mwa foleni ya malori akipiga honi mfululizo. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mtoto huyo tangu alipomfuta kamasi. Alikuwa mzito kuliko alivyokumbuka. Na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.

Nesi Shamimu alimdunga dawa nyingine, wakampa hewa, wakamkimbiza kwa gari la wagonjwa mpaka kwa Daktari Masudi. Siku mbili Dina hakujua yuko wapi. Siku ya tatu alifungua macho akaomba soda. Jenista, aliyefika kutoka Mlowo na futi ya kupimia bado iko shingoni, aliketi chini sakafuni akalia kwa sauti.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa mtu mwingine angenyamaza, na hakuna ambaye angejua.

Daktari alifika na macho mekundu. Alimwuliza bibi kama alifuta kijiko. "Nilifuta," alijibu, na kweli alifuta. Mtoto alikimbia? Hakukimbia. Alikuwa na homa? Hakuwa nayo. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, akasugua paji la uso. "Basi vipimo vyangu ndivyo vibaya," alisema. "Kama kijiko kilichofutwa kimemfanya hivi, siwezi kuwapa wale wanne wengine. Leo nawaita wazazi wao. Tunafunga."

Jenista alikuwa anarudia kitu kimoja tu. "Ni mimi. Niliacha mwanangu kwa ajili ya sare."

Jioni Enesi akaja na Shadrack. Walimkuta Tukuswiga kwenye benchi la korido. Enesi alishaambiwa. Alikaa pale akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi bila kujua anafanya nini. "Mama Jenista," alisema, "tulikuwa tumefika mbili na nusu. Mwaka jana nilimzika mdogo wake kwa kitu hiki hiki. Nirudi naye nyumbani nikae namtazama tu?" Shadrack alikuwa anahesabu vigae vya ukutani kwa kidole.

Tukuswiga aliinuka. Alijua vizuri anakokwenda na anachokwenda kukiacha huko. Hakuna haja ya kusema alikuwa jasiri. Aliogopa sana. Akaingia wodini, akasimama mbele ya daktari na binti yake.

"Kijiko kilikuwa sawa," alisema. "Niliongeza."

"Uliongeza nini, bibi?"

Akainua vidole vitatu. "Nilifuta kama ulivyonifundisha. Halafu nikaongeza kwa hivi. Mkono ulikwenda wenyewe, daktari. Usiwafungie wale watoto. Vipimo vyako havina kosa."

Daktari alivitazama vile vidole, na uso wake ukalegea kwa huruma na kwa ahueni vyote pamoja, akashindwa afiche kipi. Aliuliza kwa upole ilikuwaje mpaka mkono ukaenda. Je, mtoto alisema chochote, kulikuwa na nini?

"Hapana. Mtoto alikuwa kakaa kimya anangoja uji wake," Tukuswiga alisema. Huo ndio uongo pekee aliousema siku ile, na kitandani Dina alikuwa kafumba macho.

Jenista hakupiga kelele. Laiti angepiga. "Mama," alisema, "nilikuachia kitu kimoja tu."

"Ndiyo mwanangu."

"Kimoja."

Wale wanne waliendelea na dawa yao. Dina aliachishwa. Daktari alisema mwili ukitulia, baada ya miezi, wanaweza kuanza upya kutoka chembe ya kwanza, na Jenista akamjibu hapana kabla hajamaliza. Hakurudi Mpemba ila siku moja, kuchukua nguo na kitanda. Alipanga chumba Mlowo karibu na ile kwaya, akampeleka Dina shule ya huko. Aliondoka na lile benchi la barazani pia, sijui kwa nini, labda kwa hasira tu.

Tukuswiga aliuza karanga zote kwa jumla kwa siku moja. Akachoma vitenge vya sokoni. Akapiga deki nyumba nzima, kuta kwa sakafu, akapaka chokaa upya, akaanza maharage. Kisu kile butu alikwenda nacho sokoni. Wakaanza kumwita mchoyo, na hakuwahi kumweleza mtu.

Ulipita mwaka. Siku moja Enesi alikuja mezani kwake, akamshika mikono, akamwambia Shadrack amekula karanga tatu mbele ya daktari, akamaliza akaomba ya nne. "Ni wewe," alisema. Tukuswiga akafurahi kweli, tena sana. Alimpimia maharage, akafuta kwa kisu, akamfungia. Enesi alipokwisha kwenda, alimwomba jirani amtazamie meza, akakaa chini nyuma ya magunia kwa muda.

Jumamosi iliyofuata alioga mara mbili, akavaa gauni jipya, akapanda gari la Mlowo bila kuaga mtu. Jenista alikuwa anashona kibarazani. Aliona mama yake anakuja, mguu ukaacha kukanyaga cherehani. Akamwamkia, akampa kiti, akampa maji. Hakumfukuza, tuseme haki yake. Lakini kiti alikiweka mbali.

"Siuzi karanga tena," Tukuswiga alisema. "Mwaka mzima sasa. Nusa gauni ukitaka."

"Nimesikia, mama." Jenista akaita, "Dina! Bibi kaja." Kisha akaingia ndani kutazama chungu chake.

Dina alitokea mlangoni. Alikuwa amerefuka, meno mapya ya mbele makubwa kuliko uso. Hakukimbia kuja. Hakusogea kwa makalio. Alisimama kizingitini, mikono kaificha nyuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Palikuwa na beseni na sabuni pembeni. Tukuswiga alinawa, mpaka viwiko. Akainua mikono aonyeshe. Dina alivitazama vidole, hasa vile vitatu. "Tena," alisema. Bibi akanawa mara ya tatu, sabuni ikamwingia kwenye ufa wa kidole ikachoma, akaendelea. Dina akaenda akaleta taulo, akalishika kwa ncha ili vidole vyao visikutane. Alipomkaribia namna hiyo, aligeuka kwanza kutazama ndani, halafu akaongea haraka, kwa sauti ya chini.

"Bibi, ulimwambia mama?"

"Nini?"

"Kwamba mimi ndiye niliyeomba mbasela."

Tukuswiga aliacha kujifuta mikono. Mwaka mzima alikuwa amedhani mtoto anaogopa mikono yake. Kumbe huku Mlowo, kila siku saa kumi, mtoto wa miaka tisa alikuwa anakaa na jambo lile peke yake, akiamini kwamba nusura ajiue mwenyewe, na kwamba ni yeye aliyesababisha bibi aachwe.

"Uliomba?" alisema. Alikaza uso, akafanya kama anatafuta kichwani. "Wewe hukuomba kitu. Ulikuwa umekaa kimya unangoja uji. Mimi nilikuwepo, nakumbuka yote."

"Nilisema, na huyu wa mgongoni je."

"Hukusema. Ulikuwa mgonjwa, ukaota. Mtu akiugua sana anaota vitu. Ni mimi tu, Dina. Mkono wangu tu, wewe hukuhusika hata kidogo."

Mtoto alimtazama machoni akitafuta kama anadanganywa. Tukuswiga, aliyekuwa amebishana bei na nusu ya Zambia bila kupepesa, hakupepesa. Kidogo kidogo mabega ya Dina yakashuka. Akavuta pumzi ndefu, safi, isiyo na filimbi. "Basi ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Dina akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, akimtazama bibi yake sasa kwa macho mengine, magumu kidogo, kama ya mama yake. Jenista akaita kutoka ndani kwamba chakula kiko tayari, mtoto aingie. Akaingia. Tukuswiga alikunja taulo, akalianika kambani, akaaga kwa sauti ili wamsikie, akaenda barabarani kungoja gari la Tunduma.